Prosesa Mpya kwa Kompyuta ya Gemu Iliyochoka

Kompyuta ya gemu iliyonunuliwa mwaka 2017 au 2018 bado ina maisha. Inawaka bila shida, na gemu za zamani inazicheza vizuri. Tabu huanza siku unapoweka gemu mpya: picha inakwenda, inashtuka, inaganda kidogo, kisha inaendelea. Wengi hapo hukimbilia dukani kuulizia prosesa. Baadhi yao wamepatia. Wengine wanakwenda kununua dawa ya kiungo kisichougua, na pesa hiyo hairudi.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, tafuta anayechelewesha. Ndani ya gemu, prosesa ndiyo inayopanga mambo: adui amesogea wapi, risasi imempata nani, ukuta upi uanguke. Ikishapanga, huikabidhi kadi ya michoro kazi ya kuchora picha. Mmoja wao akiwa mzito, mwenzake husubiri. Kumjua mzito hakugharimu kitu. Pakua MSI Afterburner, programu ya bure, uiweke ioneshe matumizi ya kadi ya michoro kwenye kona ya skrini unapocheza. Ikisoma asilimia 97 au 99 muda wote, kadi imefika mwisho wa nguvu zake, na prosesa mpya haitakuongezea kitu cha maana. Ikisoma 60 au 70 huku fremu ziko chini, kadi inangoja kazi, na mwenye kuichelewesha kwa kawaida ni prosesa. Hakikisha tu hukuweka kikomo cha fremu kwenye gemu, maana nacho huishusha kadi vivyo hivyo.

Kuna kipimo cha pili cha kuthibitisha. Shusha ukubwa wa picha kutoka 1080p hadi 720p. Fremu zisipopanda, prosesa ndiyo tatizo. Usitegemee asilimia ya jumla ya prosesa inayooneshwa na Task Manager: prosesa yenye nyuzi 12 inaweza kusoma 40 tu wakati kiini kimoja kinachobeba kazi kuu ya gemu kimeshajaa.

Fungua pia ubavu wa kompyuta uangalie RAM. Ukikuta kipande kimoja tu kimechomekwa, umepata sababu kubwa ya kukwama ambayo dawa yake ni nafuu kuliko prosesa yoyote. Vipande viwili vinavyofanana, kila kimoja kwenye njia yake, huipa prosesa upana maradufu wa kupitishia data. Kisha ingia kwenye BIOS uwashe XMP, kwa sababu RAM nyingi za DDR4 zilizoandikwa 3200 huendeshwa kwa kasi ya chini mpaka uwashe mpangilio huo. Ryzen huathirika sana na jambo hili. Na kama skrini yako ni ya 60 Hz na tayari unapata fremu 60 zilizotulia, acha pesa yako mfukoni.

Tuseme vipimo vimeonesha ni prosesa. Sasa kinachoamua ni soketi ya madabodi yako, na hapa wenye AMD wana bahati ambayo wenzao wa Intel hawana. Soketi ya AM4 ilibeba Ryzen za kwanza mwaka 2017, na soketi hiyohiyo ikabeba mfululizo wa Ryzen 5000. Mwanzoni madabodi za A320, B350 na X370 ziliachwa nje ya mfululizo huo, lakini mwaka 2022 AMD ilizifungulia mlango rasmi. Maana yake ni kwamba mwenye Ryzen 5 1600 anaweza kubaki na madabodi, RAM na kasha lake, akabadilisha prosesa peke yake, na akavuka vizazi kadhaa kwa mkupuo mmoja.

Chaguo la kwanza kwa wengi ni Ryzen 5 5600. Ina viini 6 na nyuzi 12, idadi ileile ya 1600, na hapo ndipo watu hujiuliza tofauti iko wapi. Tofauti imo ndani. Kwenye 1600 viini vimegawanywa makundi mawili ya vitatu vitatu, na kila kundi lina akiba yake ya data. Mawasiliano ya kundi moja na jingine huchelewa. Kwenye 5600 viini vyote sita hushiriki akiba moja ya MB 32, na kila kiini kina kasi kubwa zaidi kwa kazi moja. Gemu zinahitaji hasa hicho. Imekadiriwa kwa wati 65 tu, kwa hiyo hata pawa saplai ya zamani iliyo nzima huimudu, na ndani ya boksi lake kuna feni.

Ukisimama mbele ya muuzaji, angalia namba hadi tarakimu na herufi ya mwisho. Ryzen 5 5500 na 5600G zina viini sita pia, ila akiba yao ni MB 16, nusu ya 5600, na kwenye gemu upungufu huo unaonekana. 5600G ina michoro ya ndani, inamfaa asiye na kadi. Wewe mwenye kadi, chukua 5600.

Juu yake iko 5700X yenye viini 8. Ni nzuri kwa anayerekodi au kurusha mchezo moja kwa moja huku anacheza. Kwa anayecheza tu, nyongeza yake ni ndogo. Prosesa za AM4 zinazong'ara kweli kwenye gemu ni zile za X3D, kama 5800X3D ya mwaka 2022 na 5700X3D ya 2024, zenye akiba ya MB 96 ambayo sehemu yake imepandishwa juu. Zinapatikana kwa shida sasa, haziji na feni, na zina joto. Mimi ningezipendekeza kwa mwenye kadi ya michoro kubwa na skrini ya 144 Hz tu. Mwenye RX 580 au GTX 1060 hatazifaidi. Kadi yake itafika mwisho mapema.

Kwa wenye Intel habari ni fupi na si tamu. Soketi ya LGA 1151 ilitumika kizazi cha 6 na 7, kisha cha 8 na 9, lakini madabodi za makundi hayo mawili hazipokeani prosesa ingawa jina ni moja. Hapo ndipo walipo wengi waliogeuza kompyuta za ofisi zilizotumika, kama Dell OptiPlex, kuwa za gemu. Ukiwa na OptiPlex 7050 yenye i5-6500, kilele chako ni i7-7700. Utatoka nyuzi 4 kwenda 8, na kukwama kutapungua kwa hakika. Nunua ikiwa ni rahisi tu, kwa sababu moja kubwa: msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida huanzia Intel kizazi cha 8 na Ryzen 2000. Kwa hiyo i7-7700 utakayoinunua bado iko nje ya orodha ya Windows 11, ilhali 5600 inakuingiza ndani. Ikibidi uongeze pesa nyingi ili kuifikia i7 ya zamani, ni bora uiweke akiba kwa ajili ya madabodi mpya.

Turudi kwenye AM4, maana kazi yenyewe ina mitego. Soma jina la madabodi lililoandikwa juu yake. Kwa Gigabyte soma na namba ya toleo iliyoko kwenye kona, kwa sababu toleo moja linaweza kukubali prosesa ambayo jingine halikubali. Nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji, ufungue orodha ya prosesa zinazokubaliwa, utaona pia BIOS inayohitajika. Sasisha BIOS ukiwa bado na prosesa ya zamani. Ukitangulia kuitoa, skrini haitaonesha kitu, na madabodi nyingi za bei nafuu hazina njia ya kusasisha bila prosesa inayofanya kazi. Umeme wa kwenu ukiwa wa kukatika, azima UPS kwa kazi hiyo tu. Usasishaji wa BIOS ukikatika katikati unaweza kuiua madabodi.

Kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, andika ufunguo wake wa kuokoa kwenye karatasi kabla ya kuanza. Ryzen hutunza sehemu ya usalama ndani ya prosesa yenyewe. Ukiibadilisha, kompyuta itauliza kama ifute kumbukumbu hiyo, na Windows inaweza kukudai ufunguo.

Kisha kucheza gemu kidogo kabla ya kufungua kuna faida: joto hulainisha ile krimu iliyo kati ya prosesa na kipoza joto. Zima, chomoa waya wa umeme, fungua skrubu, halafu kizungushe kipoza joto taratibu kulia na kushoto kabla ya kukiinua. Ukikivuta kwa nguvu kikiwa baridi, prosesa hutoka nacho ikiwa imeganda chini yake, ingawa komeo la soketi bado limefungwa. Prosesa ya AM4 ina pini 1,331 chini yake, nyembamba kama sindano, na hizo ndizo hupinda. Inua komeo, toa ya zamani, na mpya iweke kwa kufuata pembetatu ndogo ya dhahabu kwenye kona. Ilingane na alama ya soketi, iachie itue kwa uzito wake. Usiisukume. Funga komeo. Weka tone la krimu la ukubwa wa punje ya choroko katikati, rudisha kipoza joto, kaza skrubu kwa kupishana pembe.

Ikiwaka, pitia BIOS: RAM yote imeonekana? XMP imewashwa tena? Kusasisha BIOS huizima mara nyingi.

Ukinunua iliyotumika, omba uione ikiwaka, kisha uigeuze uhesabu safu za pini kwa jicho chini ya taa. Tahadhari na Ryzen PRO zilizotolewa kwenye kompyuta za ofisi za Lenovo. Baadhi zimefungwa zisifanye kazi kwenye madabodi za wengine. Muuzaji akikataa kuiwasha mbele yako, nenda duka jingine.

Hukumu yangu kwa mwenye AM4 ya zamani ni hii: nunua Ryzen 5 5600, ongeza kipande cha pili cha RAM kama huna, na pesa itakayobaki iweke kwa ajili ya kadi ya michoro.