Somo la Ramani: Kulainisha Kontua Bila Kufuta Ardhi

Katika ziara zetu za sharika, swali moja limeulizwa na kamati nyingi za miradi, na wahisani nao wametuandikia wakiuliza hilohilo: kwa nini kilima kimoja kina ramani mbili zisizofanana? Ya kwanza ina mistari ya kontua iliyojikunja kama uzi wa sweta lililofumuliwa. Ya pili mistari yake ni myororo, inapendeza hata kuibandika ukutani. Zote mbili zimetokana na upimaji mmoja. Tumeona vema tulieleze jambo hili kwa kirefu kidogo, kwa sababu ile ramani ya kupendeza ilitugharimu.

Tukumbushane kwanza. Mstari wa kontua huunganisha mahali penye kimo kimoja kutoka usawa wa bahari. Ramani za kipimo cha 1:50,000 tulizozisoma sekondari zatosha kuonyesha mlima uko wapi, lakini hazitoshi kupanga bomba la maji ya mserereko. Data za rada zilizokusanywa na chombo cha anga Endeavour mwezi Februari 2000, ambazo hupatikana bure, hutoa kimo kimoja tu kwa kila kiraba cha mita 30 hivi. Ndiyo maana siku hizi wapimaji hutumia lida.

Lida hurusha miale ya leza kutoka kwenye ndege au droni, maelfu kwa maelfu kila sekunde, na kupima muda ambao kila mwale unatumia kwenda chini na kurudi. Mwanga husafiri sentimita 30 katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde, kwa hiyo hata kosa dogo mno la saa huonekana kwenye kimo. Ongeza kuyumba kwa droni kwenye upepo, ongeza nyasi na vichaka. Katika shamba la migomba na kahawa miale mingi huishia kwenye majani, na michache tu hupenya hadi kwenye udongo. Hivyo hata kazi iliyofanyika vizuri huwa na kosa la sentimita 10 au 15, mara juu, mara chini.

Sentimita 10 ni upana wa kiganja. Mbona basi mistari inajikunja kiasi kile? Jibu liko kwenye mteremko. Mahali ardhi inaposhuka mita 1 kwa kila mita 2, kosa la sentimita 10 husogeza mstari sentimita 20 tu, na hakuna atakayeona. Lakini bondeni, ardhi inaposhuka mita 1 kwa kila mita 100, kosa lilelile husogeza mstari mita 10 nzima. Ndiyo sababu mlimani mistari hutulia na kwenye majaruba hujisokota. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba nafasi kati ya kontua na kontua isipungue mara tatu na zaidi kidogo ya kosa la kipimo. Kwa kosa la sentimita 15, kontua za kila nusu mita zinakubalika. Za kila sentimita 25 ni pambo.

Sasa kulainisha. Kompyuta hugawa ardhi katika viraba, tuseme vya mita 1, na kila kiraba hupewa kimo. Kisha kimo cha kila kiraba hulinganishwa na vya majirani zake. Chukua viraba tisa vyenye vimo hivi, juu ya mita 1,400: 12.1, 12.2, 12.0, 12.3, 14.0, 12.1, 12.2, 12.4 na 12.1. Kile cha 14.0 bila shaka ni kichaka. Ukitafuta wastani unapata 12.4, yaani kichaka kimewavuta wenzake juu. Ukivipanga kuanzia kidogo hadi kikubwa na kuchukua namba ya katikati unapata 12.2, na kichaka kimekosa nguvu. Wapimaji wazuri huanza kwa kuondoa vimo vya namna hiyo, ndipo walainishe kilichobaki.

Kinacholainishwa kwanza kiwe vimo vyenyewe, si mistari iliyokwisha kuchorwa. Ukilainisha kila mstari peke yake, miwili inaweza kukatana, na mteremko wa kawaida hauwezi kuwa na vimo viwili mahali pamoja.

Hapa ndipo tulipojikwaa. Mwaka 2023, katika mradi mmoja wa maji, tuliomba wenyewe ramani iwe "safi" zaidi kwa ajili ya taarifa ya wafadhili. Mpimaji akatumia wastani wa viraba 25 kwa 25. Kwenye njia ya bomba palikuwa na tuta la barabara ya zamani iliyoachwa, kimo chake mita 1.5 na upana wa chini mita 6. Kitu chembamba kama hicho kikigawanywa katika mita 25, hubaki chini ya sentimita 30. Kwenye mchoro ardhi ilishuka vizuri. Mafundi waliliona tuta kwa macho yao, lakini walifuata mchoro, na mzee mmoja wa kamati aliyesema kwamba pale maji yataombwa kupanda hakusikilizwa. Bomba lilipita juu ya tuta bila vali ya hewa. Hewa ikakusanyika pale, na vituo vya mwisho vya kuchotea maji vikapata matone kwa wiki saba. Akina mama wa mtaa ule walirudi mtoni na ndoo huku bomba jipya likiwa limefukiwa mlangoni pao. Lawama hiyo ni ya ofisi yetu.

Namba ya katikati nayo isingetuokoa, kwa maana katika dirisha pana kiasi kile ingelifuta tuta lote. Dawa ni dirisha dogo, au njia inayotambua kingo. Mwaka 2019 John Lindsay na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walichapisha njia ya namna hiyo. Kompyuta hutazama kila kiraba kimeelekea upande gani, kisha hukichanganya na majirani walioelekea karibu upande uleule tu. Ukingo wa mtaro au wa tuta hauchanganywi na uwanda ulio kando yake. Programu yao ya WhiteboxTools inapatikana bure na hutumika pamoja na QGIS, ambayo nayo ni ya bure.

Ipo pia njia ya kukagua ambayo kamati yoyote inaweza kuidai. Mwombeni mpimaji atoe vimo vilivyolainishwa katika vimo vya awali na kuchapa tofauti peke yake. Ikiwa imefutwa mikwaruzo ya vipimo tu, karatasi itaonekana kama chumvi iliyomwagwa mezani, bila umbo lolote. Mkiona mstari mrefu, mkunjo wa kijito au ngazi za makinga maji, jueni kwamba ardhi yenyewe imefutwa. Mkiona mfululizo wa mapande marefu yaliyonyooka, hizo ni njia za droni ambazo hazikuoanishwa vizuri, na kulainisha hakuponyi hilo. Arudi akazioanishe.

Kwa wahisani wetu tunaongeza kwamba mikataba ya upimaji sasa inataka tukabidhiwe nukta zote za awali, si ramani iliyochapwa tu. Vali ya hewa imekwisha kufungwa na maji yanafika. Karatasi za tofauti za miradi miwili inayofuata zipo ofisini. Kamati zitakazokuja kuzitazama zije na mzee anayezijua njia za zamani za mahali pao.