Nilimpunguzia mama ugali, nikasahau dawa

Wanachuo wenzangu, kama nyumbani kwenu kuna mtu mwenye kisukari, bila shaka umeshaulizwa: "We si uko chuo, hebu tuambie, ale nini?" Hawajali kama unasoma uhandisi au sheria. Mimi nasoma ualimu, na niliulizwa, na nikajibu kwa kujiamini kabisa. Nitaeleza jibu langu lilitufikisha wapi, lakini kwanza tuanze na somo lenyewe.

Mama aligundulika na kisukari aina ya pili mwaka juzi. Alipimwa asubuhi kabla ya kula, ikasoma 13.8. Kwa mtu ambaye hajala, kuanzia 7.0 ni kisukari, kwa hiyo ubishi haukuwepo. Akapewa metformini na glibenklamaidi, akaambiwa apunguze wanga. Sisi nyumbani tulielewa hivi: aache sukari kwenye chai, na ahame sembe aende dona.

Tukahamia dona. Na kwa kuwa mtaani dona inajulikana kama ugali wa wagonjwa, mlima wa ugali ukaongezeka badala ya kupungua. Miezi miwili baadaye akapima tena: 12 na ushee. Mama akasema basi, huu ugonjwa hausikii chakula.

Kumbe unasikia sana, ila sisi tulikuwa tunausemesha vibaya. Wanga wowote ukifika tumboni unavunjwa kuwa glukosi, ambayo ndiyo sukari ya kwenye damu. Kazi ya insulini ni kuiingiza glukosi hiyo kwenye seli. Kwenye aina ya pili insulini ipo, lakini seli haziitikii vizuri, na kongosho linalazimika kutoa nyingi zaidi mpaka linachoka. Ulimi hapa si kipimo. Ugali hauna utamu wa soda, lakini katika kila gramu 100 za unga wa mahindi, zaidi ya gramu 70 ni wanga, uwe sembe, uwe dona. Dona imebaki na pumba na kiini, kwa hiyo ina nyuzinyuzi zaidi, na hiyo ni faida ya kweli. Lakini sahani mbili za dona haziwezi kuwa nafuu kuliko sahani moja ya sembe. Asali nayo ni hivyohivyo, na juisi ya embe uliyosaga mwenyewe. Kwamba ni ya asili, damu haijui. Soda ndiyo haina hata mjadala: chupa ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai kama nane au tisa.

Kilichotusaidia ni sahani. Nusu yake mboga: mchicha, matembele, kabichi, bamia, chochote kilichopo. Robo ni samaki, dagaa, mayai au nyama. Robo iliyobaki ndiyo wanga, yaani ugali wa ukubwa wa ngumi. Siku ya kwanza mama aliutazama akauliza, "Huu wa kuonja, wenyewe uko wapi?" Maharage, kunde na choroko zina wanga pia, ila hutoa sukari polepole kwa sababu ya nyuzinyuzi na protini zake. Ndiyo maana hata asiye na hela ya samaki anaweza kuipanga sahani hii. Na akianza na mboga na kitoweo, ugali ukaja mwishoni, sukari baada ya kula huwa haipandi kwa kasi ileile.

Bumu lilipotoka nilichangia glukometa. Vijiti vyake si bei rahisi, kwa hiyo hatukupima ovyo. Darasani tunafundishwa kumpima mwanafunzi kabla ya somo na baada ya somo, nasi tukafanya hivyo kwa chakula: kabla ya kula, kisha saa mbili baada ya kuanza kula. Lengo alilopewa kliniki lilikuwa kubaki chini ya 10 baada ya chakula. Wali ulimpeleka mpaka 13. Kande yenye maharage mengi kuliko mahindi haikuvuka 10. Hakuna semina ambayo ingemshawishi mama kama namba zile alizozisoma mwenyewe kwenye kioo.

Sasa jibu langu. Namba zilipoanza kushuka nilipata mzuka, yaani nikajiona daktari. Nikampigia simu: "Mama, usiku acha kabisa ugali, kula mboga tu." Akatii. Dawa zake akameza kama kawaida.

Siku ya tatu, saa nne usiku, mama mdogo alimkuta amekaa sakafuni, anatetemeka, jasho linamtoka, anaongea vitu visivyoeleweka. Wakadhani sukari imepanda. Mama aliomba soda, wakamnyima. Jamani! Ni mdogo wangu wa kidato cha pili aliyekumbuka kumpima: 2.6. Chini ya 4 sukari imeshuka mno. Kwa kuwa bado alikuwa anaweza kumeza, wakamkorogea vijiko vinne vya sukari kwenye maji, wakasubiri dakika 15, wakapima tena, kisha wakampa uji na kumkimbiza hospitali. Alilazwa mpaka kesho yake, kwa sababu glibenklamaidi hukaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kushuka upya. Angekuwa amepoteza fahamu, kumnywesha kitu kungeweza kumpalia, na hapo ingekuwa ni hospitali moja kwa moja.

Glibenklamaidi hulilazimisha kongosho kutoa insulini, umekula au hujala. Dozi yake ilipangwa kwa mtu anayekula mlima wa ugali. Nilipouondoa mlima, dawa ikabaki ileile. Anayetumia insulini ana hatari hiyohiyo. Metformini peke yake ni nadra kufanya hivyo.

Baadaye nilisoma kuhusu utafiti wa DiRECT wa Uingereza, ambao matokeo yake ya kwanza yalitoka 2017. Watu wenye aina ya pili, wasiotumia insulini na ambao ugonjwa wao haukuzidi miaka 6, walipewa mlo wa kalori 825 hadi 853 kwa siku kwa miezi 3 hadi 5. Baada ya mwaka, asilimia 46 sukari yao ilikuwa chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Namba hiyo ndiyo watu wanairusha kwenye magrupu ya WhatsApp. Wanachoacha ni kwamba dawa zao za kisukari zilisimamishwa na wahudumu siku mlo ulipoanza, na walifuatiliwa muda wote.

Kliniki walimwondolea mama glibenklamaidi, akabaki na metformini. Usiku anakula ngumi yake ya ugali. Asubuhi ya juzi alisoma 6.9. Siku hizi akitaka kubadilisha chakula anapiga simu kwanza, ila hanipigii mimi. Anampigia nesi.