Somo: Mpangilio wa Saraka Unapobadilika katika Kompyuta ya Linux

Kusudi la somo

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mtumiaji wa kawaida anayemiliki kompyuta ya mezani yenye mfumo wa Linux, iwe aliinunua mpya au imekwisha kutumika. Akimaliza kulisoma, aweze kutambua kama saraka za mfumo wake zimekwisha kuunganishwa, kujiandaa kabla ya mabadiliko hayo, na kukataa gharama au hasara isiyo ya lazima.

Mfano tutakaoutumia ni Debian, kwa kuwa mabadiliko haya yalikuwa sharti katika toleo lake la 12, lililotoka tarehe 10 Juni 2023. Mifumo mingine ilitangulia. Fedora ilifanya hivyo katika toleo la 17, mwaka 2012, na Arch ikakamilisha kazi hiyo mwaka 2013.

Kilichobadilika ni nini?

Saraka ni chumba cha kuhifadhia faili. Kwa miaka mingi programu za Linux zilikaa katika vyumba viwili viwili. Zile za msingi, zinazohitajika kompyuta inapowaka, ziliwekwa katika /bin na /sbin, na maktaba zake katika /lib. Zilizosalia ziliwekwa katika /usr/bin, /usr/sbin na /usr/lib.

Mgawanyo huo haukutokana na usanifu wa makusudi bali na ufinyu wa nafasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Ken Thompson na Dennis Ritchie walipokuwa wakiijenga Unix huko Bell Labs, Marekani, diski ya mfumo ilijaa. Programu zilizokosa nafasi zikahamishiwa katika diski ya pili, iliyokuwa na faili za watumiaji na kuitwa /usr. Baadaye diski zikawa kubwa, faili za watumiaji zikahamia /home, lakini mgawanyo ukabaki kama desturi.

Katika mpangilio mpya, faili zote za mfumo zilizokuwa katika /bin, /sbin na /lib huhamia ndani ya /usr. Majina ya zamani hayafutwi. Kila moja huwa kiungo, yaani kibao cha njia kinachomwelekeza mpitaji kwenye chumba kipya. Kwa hiyo programu inayoomba /bin/sh na ile inayoomba /usr/bin/sh hufika mahali pamoja.

Picha zako, barua, hesabu za duka na kazi za shule zimo katika /home. Mabadiliko haya hayazigusi.

Jinsi ya kutambua hali ya kompyuta yako

Fungua dirisha la amri, kisha andika:

ls -ld /bin /sbin /lib

Tazama herufi ya kwanza ya kila mstari. Ikiwa ni d, hiyo ni saraka kamili ya mtindo wa zamani. Ikiwa ni l, hicho ni kiungo, na mwisho wa mstari utaona maandishi kama haya:

/bin -> usr/bin

Ukiona hivyo katika mistari yote, kompyuta yako imekwisha kuunganishwa, nawe huna la kufanya. Kompyuta nyingi zilizosimikwa Debian 10 au la baada yake tangu mwanzo ziko hivyo. Zenye kuhitaji uangalizi ni zile zilizosimikwa zamani, zikawa zinapandishwa toleo moja baada ya jingine.

Kosa linaloumiza watumiaji wengi

Mtu anayejaribu kupata nafasi katika diski hufungua /bin, kisha /usr/bin, na kukuta faili zile zile. Hudhani kwamba ni nakala mbili, akafuta moja. Hapo kompyuta huacha kufanya kazi.

Ukweli ni kwamba hapakuwa na nakala mbili. Kiungo /bin kina ukubwa wa baiti 7 tu, yaani idadi ya alama zilizomo katika maneno usr/bin. Kukifuta hakuongezi nafasi yoyote inayoonekana, ila hukata njia ya maagizo mengi yanayoanza na /bin/sh. Kufuta /lib64 ni hatari zaidi, kwa maana katika kompyuta za kawaida za biti 64 karibu kila programu hupitia hapo ili ianze. Na anayeingia ndani ya /bin na kufuta faili zilizomo, huwa anafuta faili halisi za /usr/bin.

Basi sheria ya kwanza ya somo hili ni hii: usifute chochote katika saraka za mfumo kwa sababu tu kinafanana na kingine.

Kabla ya kupandisha toleo

Tahadhari kabla ya hatari. Kuunganisha saraka ni safari isiyo na njia rasmi ya kurudi, hivyo yatimize haya kwanza:

1. Nakili folda yako yote iliyomo katika /home kwenye diski ya nje, pamoja na folda zilizofichwa ambazo majina yake huanza na nukta. Humo ndimo hukaa mipangilio ya kivinjari na mara nyingi barua pepe. Kisha fungua faili mbili tatu kutoka katika diski hiyo, uhakikishe kwamba zinasomeka.

2. Pima nafasi iliyobaki kwa amri df -h. Diski iliyojaa hukwamisha kazi katikati.

3. Panda ngazi kwa ngazi. Kutoka Debian 11 nenda 12, ndipo uende 13. Kuruka toleo hakukubaliki.

4. Zima kwa muda vyanzo vya programu visivyo vya Debian, kama vile ulivyoongeza kwa ajili ya printa au mchezo.

5. Hakikisha umeme. Kompyuta ya mezani haina betri, na umeme ukikatika katikati ya uhamishaji, mfumo unaweza kuachwa nusu huku na nusu kule.

Wapo watakaouliza kama si salama zaidi kubaki na toleo la zamani. Si salama. Masasisho ya usalama ya muda mrefu ya Debian 11 yamepangiwa kukoma Agosti 2026. Mfumo usiopata masasisho huacha wazi mianya ambayo wezi wa mtandaoni wanaifahamu.

Uhamishaji unapokwama

Katika Debian, kazi hii hufanywa na kifurushi kiitwacho usrmerge, nacho huingia chenyewe wakati wa kupanda toleo la 12. Kwa kawaida humaliza bila kuuliza swali. Kikikuta faili mbili zenye jina moja, moja katika /lib na nyingine katika /usr/lib, nazo zinatofautiana, husimama na kuzitaja. Kusimama huko si uharibifu. Ni uangalifu, kwa kuwa hakijui ipi ndiyo unayoihitaji.

Hapo usiendelee kuongeza wala kusasisha programu nyingine mpaka kasoro iondolewe. Uliza kila faili ni ya nani kwa amri dpkg -S ikifuatiwa na anwani kamili ya faili hiyo. Faili inayomilikiwa na kifurushi cha Debian iache mahali pake. Ile isiyo na mwenyewe, mara nyingi iliyoletwa kwa mkono na programu ya printa au kifaa kingine, usiifute. Ihamishie kwa muda katika folda yako, kisha endesha upya:

sudo /usr/lib/usrmerge/convert-usrmerge

Ikiwa faili zote mbili zina wenyewe, au hujiamini, simama na umwite fundi.

Baada ya kuhama

Rudia amri ya ls iliyotajwa juu na uone viungo. Washa kompyuta upya, kisha jaribu printa, sauti na mtandao. Tangu hapo, programu unazozileta mwenyewe ziweke katika /usr/local, mahali palipotengwa kwa ajili ya mwenye kompyuta.

Jihadhari pia na nakala za zamani za mfumo mzima. Ukifungua kwa amri ya tar nakala iliyofanywa kabla ya kuunganisha, na kuimwaga juu ya mfumo mpya, inaweza kuondoa kiungo /lib na kuweka saraka ya zamani mahali pake. Kutoka katika nakala hiyo rejesha faili zako za /home peke yake.

Unapomwendea fundi

Kompyuta isiyowaka kwa sababu ya kiungo kilichofutwa haimaanishi kwamba data imepotea. Fundi anaweza kuiwasha kwa fleshi yenye mfumo wa Linux, akafungua diski yako na kukirudisha kiungo. Kwa hiyo ukiambiwa mara moja kwamba ni lazima diski yote ifutwe, uliza sababu, na uombe faili zako zinakiliwe kwanza.

Kabla ya kukabidhi kompyuta, kubalianeni kwa maandishi kuhusu kazi itakayofanywa, bei yake, nani anatunza nakala ya data, na kwamba diski haitafutwa bila idhini yako. Chukua stakabadhi. Ukirudishiwa kompyuta, fungua faili zako mbele ya fundi kabla hujaondoka.

Maswali ya kujipima

1. Katika kompyuta yako, mstari wa /bin unaanza na d au l? Maana yake nini?
2. Kwa nini kufuta /lib64 hakukuongezei nafasi katika diski?
3. Nakala ya faili zako iko wapi leo, na ni lini mara ya mwisho uliifungua ukaona kwamba inasomeka?

Ikiwa swali la tatu limekukosesha jibu, usianze kupandisha toleo leo. Anza kwa kutengeneza nakala hiyo.