Pompi ya esansi na nguvu yake

Wewe mwenye kamio ya kupeleka mahindi sokoni, sikiliza. Ford T ya mwaka 1908 haikuwa na pompi: esansi ilishuka yenyewe toka tangi. Nyuma zikaja pompi. Mashini ya zamani yenye karburateri inataka nguvu ndogo, karibu bari 0,3. Mashini nyingi zinazopigiwa esansi ndani, kama mganga anavyopiga sindano, zinataka bari 3, ni kusema mara kumi.

Ukifunga pompi hii ya nguvu kwa karburateri, kizibo chake kidogo kitashindwa. Esansi itamwagika juu ya mashini ya moto, nayo kamio itaungua pamoja na mavuno yako. Basi mbele ya kununua pompi, uliza: ni ya mashini gani?