SOMO LA KOMPYUTA: BOHARI YA PROGRAMU INAPOKATAA KUTOA MZIGO

Watumishi wa Serikali na wananchi wanaotumia kompyuta zenye mfumo wa Debian wanaletewa somo hili kuhusu makosa yanayotokea pale kompyuta inaposhindwa kupokea programu kutoka bohari yake, na namna ya kuyarekebisha kwa kuandika amri. Somo limekusudiwa hasa wale ambao si wataalamu, lakini ndio wanaoachiwa kompyuta ya afisi pindi mtaalamu anapokuwa safarini.

1. Bohari ya programu ni nini

Mfumo wa Debian ulianzishwa na Ian Murdock mwezi Agosti 1993. Programu zake hazinunuliwi dukani. Zimewekwa katika bohari kubwa zilizomo mtandaoni, kila programu ikiwa imefungwa katika kifurushi chake. Kazi ya kuvileta vifurushi hivyo hufanywa na programu iitwayo apt, iliyoingizwa rasmi katika toleo la 2.1 la mwaka 1999.

Mambo yanakwenda kama yanavyokwenda katika bohari yoyote ya Serikali. Ipo leja inayoonesha vifaa vilivyomo na idadi yake. Ipo anuani ya mahali bohari ilipo. Na upo muhuri unaothibitisha kwamba leja hiyo ni ya kweli. Katika Debian, leja hiyo ni faili liitwalo Release, anuani zimeandikwa katika faili /etc/apt/sources.list pamoja na mafaili yaliyomo katika /etc/apt/sources.list.d, na muhuri ni saini ya siri ambayo kompyuta huikagua kwa ufunguo maalumu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi apt nayo haikubali mzigo usiokuwa na daftari.

2. Kusoma kabla ya kutenda

Kosa la kwanza la watumishi wengi ni kutousoma ujumbe wa kompyuta. Mtumishi huona maandishi ya Kiingereza yamejaa kwenye skrini, akaifunga kompyuta na kuiwasha upya, akitumai kosa litaondoka lenyewe. Haliondoki. Inapasa kuandika amri ifuatayo na kuyasoma majibu yake mstari mmoja mmoja:

sudo apt update

Mstari unaoanza na herufi E ni wa kosa. Unaoanza na W ni wa tahadhari. Ni vyema kuunakili mstari huo kwenye karatasi kabla ya kugusa jambo jingine lolote.

3. Makosa yanayotokea mara nyingi

(a) Saa ya kompyuta imepotea. Ujumbe husema kwamba faili la Release "is not valid yet", yaani muda wake bado haujaanza. Hutokea katika kompyuta ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa, kiasi kwamba umeme ukikatika tarehe hurudi nyuma. Kompyuta huona leja ina tarehe ya mbele, ikaikataa. Mtumishi aandike date aone tarehe iliyopo, kisha:

sudo timedatectl set-ntp true

Amri hii huifanya kompyuta itafute saa sahihi mtandaoni. Dawa ya kudumu ni kubadilisha betri.

(b) Kazi imekatika njiani. Umeme ukizimika wakati programu zinapakiwa, ujumbe husema "dpkg was interrupted". Amri zinazohitajika ni mbili, kwa mpangilio huu:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install

Ya kwanza humalizia kazi iliyoachwa nusu. Ya pili hutafuta vifurushi vilivyopungua na kuvijaza.

(c) Mlango umefungwa na mwengine. Ujumbe "Could not get lock" maana yake ni kwamba ipo programu nyengine inayotumia bohari wakati huo huo, mara nyingi ile inayofanya masahihisho ya usalama yenyewe. Dawa yake ni kusubiri. Wapo wanaolifuta faili la kufuli ili wapite kwa nguvu. Hao huweza kuiharibu leja ya kompyuta nzima.

(d) Mzigo haulingani na leja. Ujumbe "Hash Sum mismatch" hutokea pale mtandao unapokatikakatika, au nakala ya zamani inapokuwa imebaki njiani. Leja iliyopo ifutwe, kisha iletwe upya:

sudo apt clean
sudo rm -r /var/lib/apt/lists/*
sudo apt update

Tahadhari kubwa inatakiwa katika amri ya pili. Nafasi moja ikiachwa kabla ya nyota, amri hiyo itafuta pia mafaili yaliyomo mahali mtumishi alipo kwa wakati huo. Aandike, asome tena, ndipo abonyeze.

4. Bohari iliyohama

Kosa linalowasumbua wengi zaidi ni lile lenye maneno "404 Not Found", au linalosema kwamba bohari "does no longer have a Release file". Hapa kompyuta haina ubovu wala mtandao hauna ila. Bohari yenyewe imehamishwa.

Kila toleo la Debian lina muda wake. Toleo la 9, liitwalo stretch, lilitolewa Juni 17, 2017, na msaada wake wa muda mrefu ulimalizika Juni 30, 2022. Mwaka uliofuata vifurushi vyake viliondolewa katika bohari za kawaida na kupelekwa hifadhi ya nyaraka, archive.debian.org. Kompyuta zilizobaki na toleo hilo ziliendelea kubisha hodi mlango wa zamani, na hakuna aliyeitikia.

Hatua za kufuata ni hizi:

Kwanza, lijulikane toleo lililomo, kwa amri cat /etc/os-release.

Pili, itolewe nakala ya akiba ya faili la anuani:

sudo cp /etc/apt/sources.list /etc/apt/sources.list.akiba

Tatu, faili lifunguliwe kwa amri sudo nano /etc/apt/sources.list. Kila mstari wa zamani uwekewe alama ya # mwanzoni mwake ili usisomwe, kisha iandikwe mistari miwili mipya. Kwa toleo la 9 ni hii:

deb http://archive.debian.org/debian stretch main
deb http://archive.debian.org/debian-security stretch/updates main

Nne, iandikwe tena sudo apt update, na ikifaulu, sudo apt upgrade.

Ieleweke kwamba hifadhi ya nyaraka haipokei masahihisho mapya ya usalama. Kuifikia ni sawa na kufika bandari ya dharura: chombo hutengenezwa, kisha kikaendelea na safari. Kompyuta hiyo inapasa ipandishwe hadi toleo linalohudumiwa, hatua moja baada ya nyengine, kutoka 9 hadi 10, kutoka 10 hadi 11, na kuendelea mbele. Debian haikubali kuruka toleo. Aidha, kuanzia toleo la 11, lililotolewa Agosti 14, 2021, jina la bohari ya usalama lilibadilika: badala ya mtindo wa stretch/updates, huandikwa bullseye-security. Asiyelijua hilo hupata kosa jipya akadhani amekosea hatua za mwanzo. Kabla ya kupandisha toleo lolote, mafaili ya afisi yatolewe nakala na kuwekwa katika diski ya pembeni.

5. Muhuri usidharauliwe

Kosa la mwisho ndilo lenye hatari zaidi. Ujumbe wenye neno NO_PUBKEY maana yake ni kwamba kompyuta haina ufunguo wa kukagulia muhuri wa bohari fulani. Njia sahihi ni kuupata ufunguo huo kutoka kwa mwenye bohari mwenyewe, kuuweka katika /etc/apt/keyrings, na kuutaja katika mstari wa anuani kwa neno signed-by.

Ipo njia ya mkato, nayo ni kuiamuru kompyuta isikague muhuri, kwa kuandika trusted=yes. Kosa hutoweka papo hapo, na mtumishi hujiona amefaulu. Kwa hakika amemwondoa mlinzi mlangoni. Kuanzia siku hiyo, yeyote atakayejipenyeza kati ya kompyuta na bohari anaweza kuleta kifurushi bandia, nacho kitapakiwa kwa mamlaka yote ya msimamizi wa mfumo.

Hilo si jambo la kudhania tu. Januari 22, 2019, Debian ilitangaza kasoro iliyokuwemo ndani ya apt yenyewe, iliyogunduliwa na Max Justicz na kupewa nambari CVE-2019-3462. Kwa kasoro hiyo, mtu aliyekaa njiani aliweza kuidanganya apt ikakubali mzigo wake. Dawa ilitolewa siku hiyo hiyo, lakini iliifaa tu kompyuta iliyoweza kuifikia bohari na kuichukua.

Hapo ndipo ilipo maana ya somo hili lote. Kompyuta yenye kosa la bohari huendelea kuandika barua, kuchapisha orodha za mishahara na kuhifadhi majina ya wastaafu kama kawaida, na kwa hiyo hakuna anayeona haraka ya kuishughulikia. Lakini kila mwezi upitao bila masahihisho huiachia tundu jipya, na kumbukumbu zilizomo ni amana ya watu. Mtumishi aliyekabidhiwa mashine akumbuke kwamba amekabidhiwa pia siri za wananchi wenziwe.

Kwa hiyo inasisitizwa kwamba amri ya sudo apt update iandikwe angalau mara moja kwa wiki, majibu yake yasomwe, na kosa lolote liandikwe katika daftari la kompyuta pamoja na tarehe, amri iliyotumika na matokeo yake, ili anayekuja baadaye asianze upya.