Vinundu vya Mizizini na Protini ya Mbegu: Kijitabu kwa Wakulima wa Maharage, Soya, Kunde na Mbaazi

Kwa nini usome kijitabu hiki

Wakulima wengi huchanganya maharage na mahindi wakiamini kwamba maharage yanarutubisha shamba. Imani hiyo ina ukweli, ila si ukweli wote. Mazao ya jamii ya kunde, yaani maharage, soya, kunde, choroko, mbaazi, karanga na njugu mawe, huweza kupata naitrojeni kutoka hewani kwa msaada wa bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizini. Lakini mmea hauitafuti naitrojeni hiyo kwa ajili ya udongo. Huitumia kwanza kujenga majani, kisha kujaza protini kwenye mbegu. Udongo hupata kinachobaki, na mara nyingi mkulima mwenyewe ndiye anayeamua kibaki kiasi gani.

Kijitabu hiki kinaeleza jinsi ya kujua kama vinundu vya shambani kwako vinafanya kazi, jinsi ya kuvisaidia, na namna ya kufaidi naitrojeni yake mara mbili: mezani na shambani.

Kinachotokea chini ya ardhi

Takriban asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, lakini mmea hauwezi kuitumia moja kwa moja kwa sababu atomi zake mbili zimeshikamana kwa nguvu mno. Viwanda vya mbolea huivunja kwa joto kali na mgandamizo mkubwa. Bakteria waitwao rizobia huifanya kazi hiyo katika joto la kawaida la udongo, wakitumia kimeng'enya kiitwacho naitrojenasi.

Jambo hili lilithibitishwa Ulaya mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1886, Hermann Hellriegel na mwenzake Hermann Wilfarth wa Ujerumani walionyesha kwamba mimea ya jamii ya kunde hupata naitrojeni ya hewani kwa kupitia vinundu. Miaka miwili baadaye, Martinus Beijerinck wa Uholanzi alifaulu kuwatenga bakteria wenyewe na kuwakuza maabara.

Mambo huanza mapema, mche ukiwa bado mdogo. Mzizi hutoa kemikali zinazowaita rizobia walio karibu, nao hujibu kwa kemikali zao. Kinyweleo cha mzizi hujikunja na kuwakumbatia, bakteria wanaingia ndani, na seli za mzizi huanza kugawanyika hadi kinundu kinatokeza. Kwa kawaida vinundu huanza kuonekana wiki mbili hadi tatu baada ya mbegu kuota. Kutoka hapo ni kubadilishana: mmea unatoa sukari iliyotengenezwa na majani, bakteria wanatoa naitrojeni.

Kuna tatizo moja ambalo mmea umelitatua kwa ustadi. Bakteria wanahitaji oksijeni ili wapate nguvu, ilhali oksijeni ikizidi huharibu naitrojenasi. Ndani ya kinundu, basi, mmea hutengeneza protini yenye madini ya chuma, leghimoglobini, inayoishika oksijeni na kuigawa kidogo kidogo. Protini hii ni ndugu wa himoglobini ya damu yetu, na rangi yake ni ileile. Ndiyo maana kinundu kinachofanya kazi huwa chekundu au cha waridi ndani.

Chimba, osha, pasua

Kipimo hiki hakihitaji maabara. Kifanye wakati maua ya kwanza yanapotokeza.

1. Chagua mimea mitano hadi kumi kutoka sehemu mbalimbali za shamba, mizuri na dhaifu pia.
2. Chimba kwa jembe au koleo ukizunguka shina. Usiing'oe kwa mkono, kwa sababu vinundu hukatika na kubaki ardhini, nawe utadhani havikuwepo.
3. Loweka mizizi kwenye ndoo ya maji mpaka udongo ulegee, kisha isuuze taratibu.
4. Angalia vilipo. Vinundu vikubwa vilivyokusanyika karibu na shina, kwenye mzizi mkuu, ni dalili njema.
5. Pasua vinundu kadhaa kwa wembe au ukucha, utazame rangi ya ndani.

Rangi husomwa hivi:

- Nyekundu au waridi: kinundu kinafanya kazi.
- Nyeupe: kinundu bado kichanga, au bakteria waliomo hawafai kwa zao hilo. Rudia baada ya wiki moja. Kama bado ni cheupe ilhali mmea umetoa maua, kuna kasoro.
- Kijani, kijivu au kahawia: kinundu kimezeeka na kinakufa. Hili ni la kawaida maganda yakikaribia kukomaa, lakini likitokea wakati wa maua, mmea umepata shida, pengine ukame au maji yaliyotuama.

Usichanganye vinundu na uvimbe wa minyoo fundo. Kinundu kimebandikwa ubavuni mwa mzizi na hubanduka kwa urahisi ukikisugua. Uvimbe wa minyoo fundo ni mzizi wenyewe uliovimba, nao haubanduki.

Kila zao na bakteria wake

Si kila rizobia hukubaliana na kila zao. Kunde, choroko na karanga zimelimwa Afrika kwa muda mrefu, nazo hupata bakteria wa kuzifaa karibu katika kila udongo. Maharage nayo hupata wenyeji wengi, ingawa baadhi yao ni dhaifu.

Soya ina habari nyingine. Asili yake ni Asia ya Mashariki, na hapa Tanzania ilifika Amani, mkoani Tanga, mwaka 1907, lakini bakteria wake wa asili hawakuwemo katika udongo wetu. Soya isiyopata bakteria wake huwa na majani ya njano na mizizi mitupu. Njia za kutatua tatizo hili ni mbili. Kwanza, kuwapaka bakteria kwenye mbegu. Pili, kupanda aina zinazokubali bakteria wenyeji wa Afrika. Watafiti wa taasisi ya kilimo ya IITA huko Ibadan, Nigeria, walianza kuzalisha aina hizo mwishoni mwa miaka ya 1970, nazo hujulikana kwa herufi TGx. Hata hizo mara nyingi hufanya vizuri zaidi zikipakwa bakteria.

Kupaka mbegu unga wa rizobia

Unga huu huuzwa katika pakiti, na kwa kawaida ni mweusi. Ndani yake mna viumbe hai, basi utunze hivyo.

- Hakikisha pakiti imeandikwa jina la zao lako. Unga wa soya hautasaidia maharage.
- Soma tarehe ya mwisho wa matumizi. Weka pakiti mahali pa baridi, mbali na jua.
- Lowanisha mbegu kidogo kwa maji ya sukari au gundi inayokuja na pakiti, nyunyiza unga kwa kipimo kilichoandikwa, kisha geuzageuza mpaka kila mbegu ipate weusi.
- Fanya kazi hii kivulini. Panda siku hiyohiyo kwenye udongo wenye unyevu na ufukie mara moja.
- Usichanganye mbegu hizo na mbolea ya chumvichumvi, wala usitumie mbegu iliyopakwa dawa ya ukungu bila kuuliza. Dawa nyingi huwaua bakteria.

Mahitaji ya vinundu

Bakteria wazuri peke yao hawatoshi. Kazi ya kuvunja naitrojeni hula nguvu nyingi, na mmea hauwezi kuitoa nguvu hiyo bila fosforasi. Udongo mwingi wa ukanda wetu una upungufu wake. Mbolea ya TSP hufaa, na ile ya Minjingu, itokanayo na mwamba wa fosfeti wa karibu na Ziwa Manyara, hufanya kazi vizuri zaidi kwenye udongo wenye tindikali.

Tindikali ikizidi, pH ikishuka chini ya 5 hivi, rizobia wengi hudhoofika na madini ya molibdenamu, yanayohitajika kuunda naitrojenasi, huwa magumu kupatikana. Chokaa ya kilimo hurekebisha hali hiyo.

Urea nyingi, kwa upande mwingine, huvizuia vinundu. Mmea ukikuta naitrojeni tele udongoni, hauna sababu ya kuwalisha bakteria.

Naitrojeni inakwenda wapi

Maganda yakianza kujaa, mmea huhamisha naitrojeni kutoka kwenye majani na kuipeleka kwenye mbegu. Ndiyo sababu majani hugeuka njano. Ndani ya mbegu huhifadhiwa kama protini za akiba: katika maharage iliyo nyingi zaidi ni faseolini, na katika soya ni glisinini pamoja na beta-konglisinini. Kwa asili akiba hii ni chakula cha mche utakaoota. Binadamu tumeifanya kitoweo.

Hesabu yake ni hii. Gunia la kilo 100 za maharage lina protini kama kilo 22. Karibu asilimia 16 ya protini ni naitrojeni, yaani kilo 3.5 hivi. Urea ina naitrojeni asilimia 46. Kwa hiyo kila gunia linalotoka shambani huondoka na naitrojeni sawa na ya kilo 7 na nusu za urea. Tena maharage ni dhaifu kuliko wenzake, na mara nyingi chini ya nusu ya naitrojeni yake ndiyo hutoka hewani. Iliyobaki imechotwa udongoni.

Kawaida yetu ni kuyang'oa maharage na mizizi yake, kuyabeba hadi nyumbani, kuyaanika na kuyapiga kwa fimbo uani. Makapi hubaki uani au huchomwa moto. Shamba haliachiwi kitu, na msimu unaofuata mahindi huwa ya njano. Hivyo:

- Kata shina kwa panga au mundu, uache mizizi ardhini.
- Rudisha makapi shambani. Ukiyalisha mbuzi au ng'ombe, rudisha samadi.
- Panda mbaazi panapowezekana. Hukaa shambani muda mrefu na kuangusha majani mengi. Wakulima wa Babati huzichanganya na mahindi.

Jikoni

Soya ina protini asilimia 36 hadi 40, karanga takriban 25, kunde 23 hivi, mahindi 9 au 10 tu. Aidha, protini ya mahindi ina lisini kidogo, ilhali ya jamii ya kunde ina lisini nyingi lakini methionini kidogo. Vikiliwa pamoja, kila kimoja huziba pengo la mwenzake. Makande ni chakula kilichokamilika kuliko mahindi peke yake.

Baadhi ya protini za mbegu ni kinga ya mmea dhidi ya walaji. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana lektini inayosababisha kutapika na kuhara. Loweka usiku kucha, mwaga maji, kisha chemsha kwa moto mkali mpaka yaive kabisa. Moto mdogo usiofikisha maji kuchemka hautoshi. Soya nayo ichemshwe au ikaangwe kabla ya kusaga unga wa uji wa mtoto, kwa sababu ikiwa mbichi huzuia protini kumeng'enywa. Magadi huharakisha kuiva, lakini hupunguza vitamini B1.

Maswali ya mara kwa mara

*Nipake rizobia kila msimu?* Kwa soya, shamba lililopandwa karibuni na kuonyesha vinundu vyekundu huenda halihitaji. Pima kwanza.

*Je, niweke mbolea yoyote ya naitrojeni kwenye maharage?* Kwenye udongo uliochoka, kiasi kidogo wakati wa kupanda husaidia miche kuanza. DAP inatosha kwa hilo. Usirudie kwa urea.

*Sikuona kinundu hata kimoja. Nifanye nini?* Mpelekee afisa ugani mimea mitatu au minne ikiwa na mizizi na udongo wake. Mweleze aina ya mbegu, mbolea uliyoweka na zao la msimu uliopita. Kwa taarifa hizo ataweza kubaini kama unahitaji rizobia, fosforasi au chokaa, kabla hujatoa fedha dukani.