SOMO LA LEO: MGONJWA WA AKILI NA HATI YA URAIA

Ndugu msomaji, hebu itazame reli yetu hapa Itigi. Ukienda nayo magharibi unafika Tabora. Mbele ya Tabora yako makazi ya Ulyankulu, ambako Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa mashamba. Ukienda mashariki unafika Dodoma, iliko Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Basi mgonjwa anayetoka huko kwenda Mirembe kwa treni, anapita hapa kwetu.

Warundi hao wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo waliulizwa mwaka 2007 na 2008: mnarudi kwenu au mnataka uraia? Wengi walichagua kubaki. Mwaka 2010 watu karibu 162,000 walikubaliwa, na hati zikaanza kutolewa Oktoba 2014. Miaka minne kungoja karatasi! Hata mzima hukosa usingizi, sembuse aliyeona ndugu zake wakiuawa. Mtu huyo anaweza kushtuka usiku, kusikia sauti, au kukaa kimya siku nyingi. Huo ni ugonjwa, siyo laana.

Kazi ile ilikwisha, lakini Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 bado ipo. Mgeni anayeomba uraia sharti awe mtu mzima mwenye akili timamu, ajue Kiswahili au Kiingereza, na ale kiapo. Kwa kusikia "akili timamu", familia inaweza kuogopa ikamficha mgonjwa wake. Ni kosa. Kuwahi kuugua siyo kukosa akili timamu siku zote. Anayetumia dawa akatulia anaweza kujieleza mwenyewe. Akifichwa, ndugu zake watakuwa raia na yeye atabaki mkimbizi, nyumba ile ile moja.

Tuseme mama mmoja, jirani yako, ameitwa kuhojiwa na afisa uhamiaji. Angalieni asiache dawa. Wagonjwa wengi huacha wakipata nafuu, na ugonjwa hurudi. Mwombeni daktari barua ya kueleza hali yake. Hapa kusoma kwako kunafaa: kaa naye nyumbani, muandike habari zake polepole. Akisahau mwaka, muulize, ilikuwa kabla ya mtoto wa pili au baada yake? Sisi tunaofundisha watu wazima tunajua kwamba ukiuliza kwa haraka, hata anayejua hunyamaza.

Siku ya mahojiano asindikizwe na mtu anayemwamini. Aliyekimbizwa na askari huogopa sare, kwa hiyo kaa mahali anapokuona. Mwambie afisa mapema kuwa huyu ni mgonjwa, aulizwe maswali mafupi. Ila usimjibie! Akizidiwa, ombeni siku nyingine. Mkikwama, tafuteni msaidizi wa kisheria. Kwa sheria ya mwaka 2017, asiye na uwezo husaidiwa bila malipo.

Maswali ya kujadiliana kikundini:
Kwa nini msindikizaji asimjibie mgonjwa?
Katika kijiji chenu, nani angeweza kumsindikiza mtu kama huyo, na kwa nini yeye?